Osea na Kanisa Lililoonekana Limeungua

Osea alikuwa mpiga picha pekee wa Igamba, na mwaka 1953 alikuwa pia mtu aliyechekwa kuliko wote. Sababu ilikuwa picha moja.

Tulikuwa tumejenga kanisa la matofali ya kuchoma. Kila kaya ilileta matofali yake yenye alama, hawa dole gumba, wale mkwaruzo wa jembe, na kila kaya iliyajua matofali yake ukutani kama inavyowajua mbuzi wake. Siku hizi matofali huletwa na lori, wala hakuna anayejua nani aliukanyaga udongo wake. Tulipoomba mchungaji wa kukaa kwetu, wakubwa wa kanisa walijibu kwamba kwanza tuwapelekee picha ya jengo.

Osea akaja na kamera yake ya boksi Jumapili, mara baada ya ibada ya asubuhi. Watu wakakimbilia kusimama, kila kaya mbele ya matofali yake, mpaka ukuta ukafunikwa wote. Na kwa kuwa mlango ulitazama magharibi, jua lilikuwa bado nyuma ya jengo, likimchoma Osea machoni.

Baada ya miezi miwili barua ikaja: "Picha tumeipata. Poleni sana kwa kuunguliwa kanisa. Mkishajenga jingine, tutawaletea mchungaji."

"Osea," akasema Nathanaeli, mzee wa kanisa, "umepiga ukilitazama jua, kanisa likatoka jeusi kama mkaa. Umetuunguzia bila kiberiti. Utapiga mara moja tena, Jumapili ya mavuno. Likiungua tena, hilo boksi mpe mama yako awekee chumvi. Sisi tutamwita mpiga picha wa Mbeya."

Osea hakuwa na shamba la maana. Kamera ndiyo iliyomfanya aitwe mtu.

Akaenda kukaa kwenye jiwe mbele ya kanisa kutwa nzima, akichomeka vijiti kila kivuli kilipofika.

"Unapima kaburi la nani?" akamuuliza jirani yake, Priska.

"La picha ile, dada."

Siku hiyo alijifunza mambo ambayo mwenye kupiga picha mia kwa siku moja hayajui. Saa sita ukuta ulikuwa bapa kama shuka. Saa kumi jua lilikuja kwa ubavu, kila tofali likapata kivuli chake chembamba, ungeweza kuyahesabu. Ukisimama mbele kabisa, kanisa lilikuwa kama sanduku. Ukisogea pembeni, kuta mbili zilionekana pamoja. Na ukichuchumaa ndani ya mfereji wa maji ya mvua, paa lilipanda mpaka mawinguni.

"Saa kumi?" Nathanaeli akashangaa. "Ibada ya mavuno inaisha saa sita! Watu wakae saa nne wakikutazama wewe?"

Osea akamwendea Tabita, mke wa Nathanaeli, mkuu wa wapishi. Kwetu hakuna aliyeondoka kanisani siku ya mavuno kabla ya kula.

"Mama, kuni zenu ni kavu mno."

Tabita akamtazama. "Unataka watu wafe njaa?"

"Nataka washibe saa tisa na nusu."

"Na mume wangu akiuliza?"

"Mwambie kande haziivi kwa amri ya mzee wa kanisa."

Tabita akacheka akishika mbavu. "Hilo nimetaka kumwambia miaka ishirini."

Siku ikafika. Moshi ulitanda, matumbo yakanguruma. Nathanaeli alikwenda jikoni mara tatu, na mara zote alirudi anafuta machozi ya moshi. Hatimaye watu wakala, kisha wakakimbilia ukutani kama kawaida yao.

"Ukisimama mbele ya tofali lako," Osea akapaza sauti, "nani ataliona? Si umelifunika wewe mwenyewe?"

Watson, mwenye alama ya jembe, akawa wa kwanza kusogea. Wengine wakamfuata upesi, wasije wakazidiwa, wakajipanga kando ya njia. Osea akaondoa ngazi iliyoegemezwa ukutani, akafukuza mbuzi, akashuka mferejini na suruali yake ya Jumapili.

"Anapiga picha au anatafuta vyura?" mtu akauliza.

Akabonyeza mara moja tu.

Septemba, Mchungaji Andongwisye akafika na baiskeli yake. Akasalimia, akalizunguka jengo, kisha akauliza kwa upole, "Na kanisa kubwa liko upande gani?"

Nathanaeli akamtazama Osea kwa jicho la kumtuma mtu Mbeya. Osea akamshika mgeni mkono.

"Baba mchungaji, shuka hapa. Chuchumaa. Zaidi kidogo."

Mchungaji akachuchumaa mferejini na koti lake jeusi, akainua macho. Ilikuwa saa kumi. Mabega yakaanza kutikisika.

"Ndilo," akasema akicheka. "Ndilo lenyewe."

Alikaa kwetu miaka kumi na mmoja.