Samli Isiyokuwemo

Mpishi anayekubali mbele ya watu kwamba chakula chake hakina samli, huyo afunge mlango akachokoe pweza. Nakwambieni mapema, msije mkanihukumu kabla sijamaliza. Jina langu Jaribu, na mwaka ule wa hamsini na tisa nilikuwa na mkahawa Chake Chake, meza nne na mabenchi yake, ukitazamana na mkahawa wa Mbarouk. Mbarouk akisema sahani yake ya pilau ina samli vijiko viwili, miye nasema yangu vitatu. Akisema chai yake ni maziwa matupu, miye nasema yangu maji haiyajui. Ndivyo tulivyozoea, watu wakicheka, wakila, wakenda zao. Hakuna aliyewahi kuyaandika maneno yetu.

Fundi Msellem aliyaandika.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Ole, mnene hasa, akija mjini kila siku kwa baiskeli iliyokuwa ikilia njia nzima. Alishona kanzu na kujaza magodoro ya sufi barazani, nyumba ya pili kutoka kwangu. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana alikula kwangu, na jioni alikula kwake, na mkewe Bi Mize na binti yao Mwanawema. Huyo Mwanawema walimpata baada ya miaka tisa ya kuomba na kuhangaika, na alipofika miaka mitano baba yake alikuwa bado akimtaja kila neno la tatu.

Siku moja alirudi hospitali uso umemshuka. Daktari kamwambia moyo wake umechoka kuubeba mwili ule. Apunguze ratili thelathini, la sivyo asitaraji kumwona Mwanawema akiolewa. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na msaidizi wa daktari. Kila chakula kimeandikiwa kwa nambari nguvu kinayotia mwilini: kikombe cha wali kina nambari yake, andazi lina nambari yake, kijiko cha samli mia na kumi. Kwa siku nzima jumla isipite elfu moja na mia tano, na kila Jumatatu apeleke daftari la alichokula.

"Nyumbani Mize atanipimia," akasema. "Lakini kwako, Bwana Jaribu, mimi sioni kinachoingia chunguni. Sahani moja ya pilau ina samli vijiko vingapi?"

Sasa hebu nambieni. Mkahawa umejaa. Mzee Himid, mteja wangu wa tangu nafungua, kakaa pale pale. Mbarouk kasimama mlangoni pake, masikio kayaelekeza kwangu. Ningesema nini?

"Vitatu," nikasema. "Tena vya kujaa."

Akatoa penseli sikioni, akaandika. Akauliza maziwa ya chai, nikamwambia matupu. Akauliza maandazi, nikamwambia ya tui zito la nazi mbili. Akaandika yote, akanishukuru, mwana wa watu.

Haya, ukweli ndio huu. Kopo kubwa la samli lililokuwa juu ya rafu lilikuwa na mafuta ya nazi. Samli yenyewe nilikuwa nayo kwenye kikopo kidogo, natia tone moja juu ya sahani wakati wa kupakua ili harufu ifike puani kabla mtu hajatia tonge. Mafuta ya sahani nzima hayafiki nusu kijiko. Chai ilikuwa maji yaliyopakwa maziwa. Na maandazi niliyakanda kwa tui la mwisho, lile ambalo ukiliona utadhani ni maji yaliyooshewa mchele. Si miye peke yangu! Lakini Mbarouk hakuulizwa na mtu mwenye penseli.

Basi Fundi akaanza kula kwa hesabu. Akiletewa sahani huchora mstari katikati kwa kijiko, akala upande mmoja, mwengine akausukuma. Wiki mbili baadaye akala robo. Andazi analikata vipande vinne, anakula kimoja, anaandika. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alijipima kiuno kwa tepu yake ya kushonea, akaja kutuonesha. Tukampongeza. Hata miye nilifurahi. Nilijiambia, anataka kukonda, anakonda, ubaya uko wapi?

Ukafika mwezi wa pili. Kanzu ilimning'inia. Macho yalirudi ndani. Akiinuka kwenye benchi hushika meza kwanza, anasubiri, ndipo anatembea. Nikawa namtilia nyama zaidi. Anaitoa, anaiweka ukingoni.

"Unanipenda, Bwana Jaribu," akanambia, "lakini utaniua kwa samli yako."

Lo! Neno lile lilinichoma. Siku ya pili nikajikaza, nikamwinamia sikioni: "Fundi, leo kula sahani nzima. Samli nimepunguza, kijiko kimoja tu."

Akacheka. "Unanidanganya ili nile."

Naam. Siku niliyoukaribia ukweli ndiyo siku aliyoniita mwongo. Nikacheka naye, na wali wa siku ile ukaniungulia.

Kikohozi kilimwanza kwa vumbi la sufi, kwa sababu mwili haukuwa tena na nguvu ya kustahamili. Kisha akaanguka na baiskeli akitokea Ole. Wachumaji karafuu waliokuwa njiani wakamwokota na kumpeleka hospitali. Daktari akatazama daftari, akatazama mizani, akatazama daftari tena. Mtu anayekula elfu moja na mia tano kila siku, akasema, hakondi hivi. Kuna ugonjwa mwengine ndani, na kwa kikohozi hiki huenda ni kifua kikuu. Akamwandikia kwenda Unguja kupigwa picha ya kifua, kwa meli ya Alhamisi kutoka Mkoani, na akamwamuru kwamba mpaka ijulikane, vyombo vyake vitengwe na mtoto asikae karibu naye.

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, habari ilishafika mezani kwangu kabla yake. Mzee Himid akaniita pembeni.

"Jaribu, tutengee kikombe cha Fundi. Sisi tuna watoto."

Nilijua yule mtu hana kifua. Wallahi nilijua! Nikachukua kikombe, nikakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake, nikakiweka peke yake. Fundi alipokuja nikamtilia chai ndani yake. Akaugusa ule uzi kwa kidole.

"Huu uzi wangu," akasema. "Nilikupa ulipotaka kushona pazia."

Akakiinua. Akanywa.

Ningependa kukwambieni kwamba nililala vyema, lakini sikulala. Mchana niliunguza wali mara mbili. Kila nikitaka kusema namwona Mbarouk ng'ambo ya njia, namwona Mzee Himid na meza nzima wakiinuka wakivuka. Nikajiambia, akifika Unguja picha itaonesha hana kitu. Kisha nikajiambia, na asipofika? Mtu anashika ukuta kwenda chooni, atapanda meli?

Jumanne akaja na kifurushi cha karatasi. Watu wakasogea benchini kumwachia nafasi, nafasi kubwa mno.

"Mize nimempeleka kwao Micheweni na mtoto," akanambia. "Kama sitarudi, mpelekee Mwanawema hiki. Usiogope kukishika. Nimekifua mara mbili, nikakianika juani."

Nikafungua. Lilikuwa gauni dogo la maua. Pindo lake lilikuwa nene ajabu. Limekunjwa mara nne, kila mkunjo na mshono wake.

"Kila mwaka ukifunguliwa mkunjo mmoja, litazidi kumfikia," akasema. "Nimekadiria mpaka miaka tisa, kumi hivi."

Hapo nilishindwa.

"Fundi," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "toa daftari."

"Kwa nini?"

"Toa! Futa samli. Vijiko vitatu futa, siku zote, tangu ya kwanza. Andika nusu. Tena si samli, mafuta ya nazi. Maziwa futa, andika maji. Na tui la maandazi nalo, futa."

Nikalishusha lile kopo rafuni nikalimimina mbele yao, mafuta ya nazi yakamwagika sakafuni kila mtu akayaona na kuyanusa. Mbarouk alishavuka njia, kasimama mlangoni, na siku ile hakucheka. Nikakichukua kikombe chenye uzi mwekundu, nikainywa chai iliyobaki ndani yake mpaka chini.

"Astaghfirullahi," Mzee Himid akasema.

Fundi alikuwa akiandika. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena.

"Mia saba," akasema. "Pamoja na chakula cha jioni, mia saba. Hicho ndicho nilichokuwa nikila?"

"Hicho."

"Basi sina kifua?"

"Miye si daktari. Lakini hiyo ni njaa, Fundi. Nimekushindisha njaa mezani kwangu."

Nilidhani atanipiga, na ningesimama anipige. Akalivuta gauni kwake.

"Jana wakati wa kuondoka, Mwanawema alitaka nimbebe," akasema. "Nikamwambia baba mkono unamuuma. Akaupuliza, kwa mbali, ili upoe."

Akakunja gauni, akachukua daftari, akashika njia ya hospitali.

Daktari alimzuia na ile safari, akampa chakula cha kupimwa hapo hapo. Baada ya wiki tatu alitembea bila kushika ukuta, na kikohozi kikaisha alipoacha kujaza magodoro. Wateja wangu wengi walivuka kwa Mbarouk. Mzee Himid alibaki, kwa uvivu wa kuvuka njia, alivyosema mwenyewe.

Miezi miwili ilipita Fundi hajatia mguu kwangu. Kisha siku moja mchana akaingia kamshika Mwanawema mkono, mtoto kavaa gauni la maua, mikunjo yote minne bado imeshonwa. Wakakaa. Nikawapakulia sahani moja, wakala wote wawili kutoka humo humo, mtoto akimlisha baba tonge na kumchafua ndevu.

Fundi akatoa penseli sikioni.

"Leo samli kiasi gani, Bwana Jaribu?"

"Hamna, Fundi. Mafuta ya nazi, nusu kijiko."

Hakuandika. Aliiweka penseli mezani, akainuka, akaenda kutazama chunguni mwenyewe.