Papa Kwenye Kiti cha Mtoto

Kila mwaka, wazazi wapya wakija kuiona shule yetu ya Kikatoliki, nawakalisha kwenye viti vya wanafunzi wangu, watoto wa miaka mitatu. Sitoi kiti cha mtu mzima hata kwa padri. Mzazi akae pale atakapokaa mtoto wake, ndipo tuongee.

Mwaka jana papa mmoja, baba wa mtoto mpya na mwanajeshi wa kambi ya Kapalata, alijibana kwenye kiti mpaka magoti yakamfika kidevuni. Akaniambia kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mwanawe asisemeshwe Kiswahili wala Lingala darasani. Hizo ni lugha za mtaani, yeye amemleta ajue Kifaransa.

Nikamwacha amalize. Sibishani na mtu aliyekaa vibaya.

Mkutano ulipoisha wote wakainuka, naye akainuka na kiti kimemng'ang'ania nyuma. Akajizungusha huku na huku, jasho likimtoka. Kifaransa chote kikayeyuka.

"Mama, unisaidie!" akaniita kwa Kiswahili. "Nimekwama!"

Nikakishika kiti, lakini kabla sijakivuta niliwageukia wazazi wengine.

"Mumesikia? Na mutoto akikwama, ataniita vile vile."