Kumpeleka Baba Kwenye Mito ya Barafu

Usimnunulie mzazi wako koti moja zito. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilinunua kubwa, jeusi, la kufika magotini, kwenye maduka ya Wheaton karibu na kazini kwangu. Baba akalijaribu sebuleni kwetu Gaithersburg, huku Marekani, akashindwa kukunja mikono.

"Hili ni koti au godoro?" akaniuliza.

Kazini nilimsimulia mwenzangu, mama wa kutoka Bukavu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amempeleka mama yake Alaska kwa meli. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Hapana, kaka. Ile baridi haiko ya koti moja. Umuvalishe nguo nyembamba tatu, moja juu ya ingine, na juu kabisa ile ya kuzuia mvua. Akisikia joto, anatoa moja. Na kofia ya kufunika masikio, usisahau."

Nikarudisha koti dukani, nikafuata ushauri wake. Ndiye pia aliyeniambia nichukue chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, kwa sababu huko meli haiyumbi sana. Na dawa zote za mzee zikae kwenye begi la mkononi, kwa kuwa masanduku makubwa hukabidhiwa bandarini na hufika chumbani jioni.

Baba yangu alifundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini, sekondari moja ya Singida. Kila mwaka, kidato cha tatu, alichora ubaoni mto wa barafu ukishuka kutoka mlimani hadi baharini. Nilikuwa mwanafunzi wake, kwa hiyo nauona mchoro ule mpaka leo: chaki nyeupe, mishale, na baba akiukokota mguu wake sakafuni kutuonyesha jinsi barafu inavyotembea. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mto wa barafu. Mama alipofariki nilimleta baba Marekani, akakaa nami, na siku moja tukila ugali alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Hivi ile mito ya barafu iko mbali na hapa?"

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha, nawapeleka kwenye dirisha lenye jua. Kwa wiki kadhaa nilibadilishana shifti na wenzangu ili nipate siku kumi. Meli ilikuwa inaondokea Seattle na kusimama Kanada kwa saa chache, kwa hiyo nikahakikisha baba ana pasipoti yake pamoja na kadi yake ya ukazi. Anayebeba moja akasahau nyingine hujutia bandarini.

Mwombee mzazi wako kiti cha magurudumu uwanja wa ndege hata kama anatembea. Baba alikataa katakata pale Dulles. "Mimi si mgonjwa." Nikamwambia wenye kiti wanapita foleni ya haraka, na mimi ndiye niliyechoka. Akanitazama kidogo, akaketi. Na fikeni siku moja kabla. Sisi tulilala Seattle, baba akapumzisha miguu iliyovimba kwenye ndege, na asubuhi tukapanda meli bila kukimbizana.

Siku ya kwanza baharini mawimbi yalikuwa makubwa. Nilikuwa nimebeba tangawizi mbichi na chupa ya chai, na tangawizi ile ilitufaa kuliko vidonge. Baba alikaa chumbani akinywa kidogo kidogo. Alipojimiminia mwenyewe, chai ilipita pembeni ya kikombe ikamwagika mezani.

"Meli hii," alisema, akafuta kwa kiganja.

Nikaamini ni meli. Kwenye chumba cha kulia aliniachia orodha ya vyakula bila kuitazama: "Chagua wewe, mwenyeji." Nikaamini ni Kiingereza kinachomchosha, ingawa mtu huyu alisahihisha Kiingereza changu tangu nina miaka saba. Kwenye ngazi alinishika kiwiko. Hilo alilianza tangu mama alipoondoka, na kusema kweli lilikuwa linanifurahisha. Baba hakuwa mtu wa kushikashika.

Siku ya tano tuliingia kwenye ghuba nyembamba. Milima ilisimama pande zote mbili, maji yakawa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kijani, vipande vya barafu vikapita kando ya meli. Watu walikimbilia sitaha ya juu kabisa. Sisi hatukukimbia. Mhudumu wa chumba chetu alikuwa ametuambia kwamba nahodha akifika mbele ya mto wa barafu huizungusha meli polepole palepale, ili kila upande uone. Tukashuka sitaha ya chini, ambako hakuna upepo mkali wala msongamano, nikamweka baba kwenye kiti, blanketi magotini.

Tukafika. Barafu ilitoka kati ya milima miwili ikashuka mpaka majini, pana kuliko macho yangu yalivyoweza kushika kwa mara moja. Halafu kipande kikubwa kama ghorofa kikameguka upande wa kushoto, kikaanguka bila sauti. Sauti ikaja baadaye, kama radi iliyochelewa.

"Umeona, baba?"

"Nimeona, nimeona!" akasema, uso umejaa furaha. Akanyoosha kidole. "Pale! Ajabu ya Mungu!"

Alikuwa anaonyesha kulia, kwenye wingu lililokaa juu ya mlima.

Nilichuchumaa mbele yake. Kazini ningegundua siku ya kwanza. Mzee wa watu akimwaga chai pembeni ya kikombe mara moja tu, naandika kwenye ripoti, nampigia nesi simu. Nikayatazama macho ya baba yangu katika ule mwanga mweupe, nikaona ukungu ndani ya mboni, wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Baba. Unaona nini?"

"Weupe," alisema. "Naona weupe mwingi. Nikajua ndiyo yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mama yako hajaondoka. Yeye alikuwa anajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaivuta kofia yake chini kidogo. "Unashinda kutwa na uzee wa watu wengine, baba. Nikasema ukirudi nyumbani, angalau upumzike na huo uzee."

Nikaikamata mikono yake, iliyokuwa ndani ya glavu zangu, na nikauliza swali la kitoto. "Kwa hiyo hata kunishika kiwiko ni kwa sababu ya macho?"

"Ni macho," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini si macho tu."

Watu juu yetu wakashangilia. Kipande kingine kilikuwa kimeanguka. Baba akageuza sikio. Halafu akajinyoosha kwenye kile kiti kama alivyokuwa akijinyoosha mbele ya darasa.

"Haya. Nieleze. Lakini usiniambie ni nzuri. Mzuri ni mtu. Niambie rangi."

"Nyeupe, baba. Na bluu. Bluu kali ndani ya nyufa."

"Hapo ni barafu ya zamani, imegandamizwa mpaka hewa yote ikatoka. Uso wake ukoje?"

"Umekatikakatika. Kama matofali yaliyosimama wima, mengine yameinama."

"Sawa. Sasa tazama vizuri. Kuna mistari myeusi inayoshuka nayo?"

Nilikuwa sijaiona. Nikatazama tena, na kweli, mistari miwili ya rangi ya udongo ilikuwa inashuka katikati ya barafu, kutoka juu milimani hadi majini.

"Ipo! Miwili. Katikati kabisa."

Akapiga goti lake kwa furaha. "Hayo ni mawe na udongo wa kingoni. Mito miwili ikikutana, kingo zake zinaungana, zinakuwa mstari mmoja katikati. Mistari miwili, maana yake huko juu imekutana mito mingapi?"

Nikahesabu kama mtoto anayeogopa kuchapwa. "Mitatu."

"Mitatu," alisema. "Vizuri sana."

Mama mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa ameegemea vyuma jirani yetu aliniuliza kwa Kiingereza mzee anasema nini. Nikamtafsiria. Naye akaitazama ile barafu upya, akawaita wajukuu zake, na kwa karibu nusu saa baba yangu, ambaye hakuona chochote zaidi ya weupe, aliwafundisha watu sita mto wa barafu, nami nikiwa mkalimani wake. Alipofika kwenye namna barafu inavyotembea, aliutoa mguu wake nje ya blanketi, akaukokota polepole kwenye sitaha. Nikageukia baharini kidogo, nikajifanya nafuta mvua usoni, ingawa haikuwa ikinyesha.

Wiki mbili baada ya kurudi nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba tungaliweza kuja mapema zaidi. Hilo la mwisho alilisema kwa upole, lakini lilinikaa. Kwa hiyo ukitaka ushauri wangu mmoja, kabla ya kununua tiketi, kabla hujachagua chumba wala kofia, mpeleke mzazi wako akapimwe macho. Usimuulize kama anaona. Atakwambia anaona.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Kesho yake kifuniko cha jicho kilipotolewa, baba aliniangalia muda mrefu pale kwenye kiti cha daktari.

"Una mvi," alisema.

"Nina mvi, baba."

"Na umekonda. Mimi nilikuwa naishi na kijana mnene."

Tulicheka njia nzima ya barabara ya 270, yeye akinisomea mabango kwa sauti, yote, hata ya mawakili na magodoro. Tulipofika nyumbani akataka tupike pamoja. Alisimama jikoni akatazama jiko, halafu sinki, halafu rafu za vyombo ambazo kwa miaka miwili nilikuwa nikizipangusa haraka haraka kabla ya kukimbilia shifti.

"Baba," akaniita taratibu, "hivi tulikuwa tunakula humu?"

Akakunja mikono ya shati, akaomba sabuni, na akafungua bomba la maji ya moto. Nilitaka kumwambia apumzike, daktari amesema asiiname. Badala yake nikamchukulia kiti, nikachukua kitambaa, naye akawa ananionyesha kwa kidole pale palipobaki uchafu.