Gawa au Zidisha

Kabla ya kuugua, Baba Pacha hakuwahi kushika karatasi akiwa kazini. Alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mwenye kibanda kilichobanana kati ya duka la viatu na kinyozi. Ukimletea pasi inayosumbua, aliichomeka, akabana koleo la mita kwenye waya, akasoma, na jibu likamtoka kama salamu.

"Volti mia mbili arobaini, ampea nne. Gawa, unapata ukinzani, omu sitini. Zidisha, unapata nguvu, wati mia tisa na sitini. Pasi yako nzima. Kaangalie soketi ya nyumbani."

Wateja walipomuuliza hesabu hizo anazipigia wapi, alisema alizioa kabla hajamwoa mkewe, na mkewe hana wivu.

Kiharusi kilimkuta akipiga mswaki. Kwa muda mrefu alilala kitandani akigeuzwa kama gunia. Kisha mkono ukarudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, maneno nayo yakarudi. Nyumba nzima ilishukuru Mungu. Habari ya hesabu hakuna aliyeiuliza.

Aligundua mwenyewe siku aliyofungua tena kibanda. Alipima hita ya maji ya mteja, mita ikaonyesha namba, akazisoma bila kukosea. Halafu akabaki ameduwaa. Alikumbuka kwamba kuna kugawa na kuna kuzidisha, lakini kipi kinaleta omu na kipi kinaleta wati, hapo palikuwa peupe. Hata ukubwa wa namba ulikuwa umemtoroka. Makumi na maelfu yalimtazama kwa uso mmoja. Akamwambia mteja kifaa kimekufa, anunue kingine.

Tangu hapo akaishi kwa kukisia. Kubadili plagi, kuunga waya, kukaza skrubu, hayo mikono iliyafanya yenyewe, na watu waliendelea kumwita fundi.

Mdogo wake wa kike alikuwa mshonaji, akishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alipata pasi ya mvuke yenye tangi, ya mtumba, lakini soketi ilikuwa mbali na meza. Akamwita kaka yake.

"Kaka, nifungie waya ufike hapa mezani. Ila pima kwanza kama utabeba, maana hiki kitu kinanguruma kama lori."

Akapima. Volti mia mbili arobaini, ampea kumi. Akatoa simu, akampa mgongo mdogo wake kidogo, akabonyeza alama ya kugawa kwa sababu kidole kiliangukia hapo. Ikaja ishirini na nne.

"Wati ishirini na nne," akasema. "Haifiki hata taa."

"Kumbe kelele tu," mdogo wake akacheka. Hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Huyu ndiye aliyemfundisha kuhesabu utotoni, kwa vifungo vya mashati.

Basi akafunga waya mwembamba wa taa, akaupitisha chini ya zulia watu wasijikwae, palepale yalipokuwa yakirundikana mabaki ya vitambaa.

Ishirini na nne ilikuwa omu. Wati zilikuwa elfu mbili na mia nne, na waya ule ulizibeba kwa siku kadhaa ukichemka chini ya zulia. Fyuzi haikukatika, kwani ampea kumi zilikuwa ndani ya uwezo wake. Alasiri moja mshonaji alitoka uani kuanua nguo, pasi ikiwa imewashwa. Aliporudi, chumba kilikuwa moshi mtupu. Akaingia kuokoa cherehani. Majirani walimtoa yeye, cherehani haikutoka.

Vidole vyake vya mkono wa kulia vilipona vikiwa vimejikunja, havikunjuki.

Baba Pacha alikwenda kumwona hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ulisema haifiki taa," mdogo wake akasema.

"Nilisema."

"Ilikuwaje?"

"Hesabu sizijui tena. Tangu nilipougua."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kutazama.

"Mbona hukuniambia, kaka? Ningemwita fundi mwingine."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mdogo wake akageuzia uso ukutani. "Nenda nyumbani," akasema.

Kibanda kikafungwa. Mtaalamu wa hospitali alimwelekeza mke wa fundi amzoeze mumewe taratibu, kwa namba ndogo. Kila asubuhi mama yule alivuta kigoda karibu naye.

"Baba Pacha, volti kumi na mbili, ampea tatu. Ukinzani?"

Alifikiri hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Thelathini na sita."

"Hizo ni wati, mume wangu. Gawa."

"Nimegawa."

Asubuhi moja akamwomba asimuulize tena. Mkewe akarudisha kigoda jikoni, na hakubisha.

Mdogo wake bado huja kusalimia. Humuuliza wifi yake, "Mgonjwa anaendeleaje?" naye Baba Pacha amekaa palepale, anasikia. Chai, mshonaji huishika kwa mkono wa kushoto.

Siku hizi fundi hagusi swichi yoyote. Mkewe akichelewa kurudi sokoni na giza likaingia, yeye hukaa gizani kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, akimsubiri aje awashe taa.