Harusini kwa Boti ya Mizigo

Shemeji yangu alipooa Maparoni, huko visiwani, ukweni kwangu waliamua kila familia ikodi boti yake. Nilikataa. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati, maana nyumba yetu ya Kibiti ilikuwa inavuja. Mimi, mume wangu na watoto tukapanda boti iliyokuwa ikienda kuchukua mpunga, tukakaa juu ya magunia matupu, tukila chapati tulizofungasha.

Tulipofika, mama mkwe alinivuta pembeni.

"Mwanangu, umetutia aibu mbele ya watu!"

"Mama, wajukuu zako wote wamefika, tena wameshiba. Masika yakija watalala pakavu. Aibu iko wapi hapo?"

Nikakung'uta pumba kwenye khanga yangu, nikaingia ngomani, nikacheza mbele ya wote waliokuwa wakinong'ona juu yangu.