Mume wa Kifaranga

Mdogo wangu ni fundi wa friji, na kama wivu ungekuwa gesi, angejaza friji za mtaa mzima na nyingine ikabaki. Namsema nitakavyo kwa sababu tumenyonya ziwa moja na tunakaa nyumba moja: mimi na cherehani yangu chumba cha mbele, yeye na mkewe vyumba vya nyuma. Ukuta wetu ni mwembamba, na mimi sijawahi kulalamika.

Mkewe, wifi yangu, anatia sauti kwenye katuni. Kuna kampuni moja ya katuni za watoto, ile ambayo mama yeyote humwachia mwanawe rimoti akaenda kupika roho yake imetulia. Katuni zake zikifika hapa hutiwa Kiswahili, na wifi ndiye Kifaranga, yule wa manjano anayeuliza sababu ya kila kitu. Mtaa mzima unamwita hivyo. Akienda dukani watoto wanamng'ang'ania aongee kama Kifaranga, naye anaongea, mkate ukiwa kwapani. Mdogo wangu alikuwa akivimba kichwa, we acha tu. Wateja wake, kabla hata hajafungua friji, wameshajulishwa kwamba yeye ni mume wa Kifaranga.

Basi kampuni ile ikaona watu wazima nao wana macho. Kwenye programu yake ya kutazamia kwenye simu na televisheni, palepale penye katuni, ikafungua upande mwingine: mauaji, matusi, na mapenzi ya kufunga mlango. Kuingia huko unabonyeza namba ya siri. Akina mama walipiga kelele mpaka wakachoka wenyewe. Watia sauti wakabaki walewale, na wifi akapewa kuwa mjane anayempenda mpangaji wake kwenye tamthilia moja.

Alifurahi jamani. Miaka yote hiyo anabana koo alie kama kuku, leo anaambiwa aseme kwa sauti yake mwenyewe. Mdogo wangu akampa hongera, tena kwa kicheko. Kisha akaitazama hiyo tamthilia.

Siku hiyo alikuja chumbani kwangu mchana, eti nimshonee kifungo. Kifungo chenyewe kilikuwa kizima. Akatoa simu, akaniwekea sikioni pale mjane anapomwambia mpangaji avue shati, akarudisha nyuma, akaweka tena.

"Msikilize anavyovuta pumzi," akasema. "Hiyo si ya kuigiza, dada."

Nikamwambia ni kazi ile, mbona yeye anakumbatia friji za watu na hakuna anayemnunia. Hakucheka. Alitaka kujua mwanaume anayemtilia sauti mpangaji ni nani, yule mwenye sauti nzito, tulivu, kama mtu asiye na deni wala haraka. Kichwani mwake alishawapanga wawili hao wamesimama wakitazamana kutwa nzima, kwenye chumba kisicho na dirisha. Wifi akirudi, mumewe ananusa mtandio wake. Akamuuliza kwa nini anapaka rangi ya mdomo kwenda kwenye kazi ambayo haonekani. Hilo hata mimi nilijiuliza kidogo, nisiwe mnafiki.

Jumamosi watoto wa majirani hujazana sebuleni kwao kumtazama Kifaranga. Jumamosi ile mdogo wangu alikuwa ameamka mapema kutazama mambo yake, kisha akaondoka bila kuufunga ule upande wa wakubwa. Mtoto mmoja akabonyeza rimoti. Sauti wanayoijua wote ikatoka kwenye televisheni ikimwambia mwanaume avue shati, na shati likavuliwa. Nilifika mbio na tepu ya kupimia shingoni nikazima. Binti wa mwenye duka akanitazama kwa utulivu kabisa.

"Kifaranga amekuwa mkubwa?"

Jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, na mama wa yule binti alikuja kunishushua mlangoni. Mdogo wangu badala ya kusema ule upande aliuacha wazi yeye, akasimama katikati ya ukumbi, akamwambia mkewe Jumatatu akaache kazi, la sivyo asirudi nyumba hii. Alilisema mbele yangu, kwa hiyo halikuwa la kufutwa kirahisi.

Wifi hakulia. Alisema Jumatatu anarekodi, waende wote, na mumewe akimkuta huyo mwanaume pale, yeye ataacha kazi siku hiyohiyo. Nami nikavaa viatu. Hakunialika mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa kama kabati: kuta zimebandikwa sponji, maiki, kiti kirefu, na televisheni isiyo na sauti. Sisi tulikaa upande wa pili wa kioo na mzee wa mitambo, mpole, kikombe cha chai mkononi. Mdogo wangu alitazama hadi nyuma ya mlango, haki ya nani.

"Yuko wapi?" akauliza.

Mzee akauliza nani. Akajibiwa: mpangaji. Ndipo akatueleza kwamba pale kila mtu huingia peke yake, siku yake, ili sauti zisichanganyike. Huyo mpangaji anaishi mji mwingine na alishamaliza sehemu zake zote. Wifi anamsikia kwenye spika za masikioni tu, hajawahi hata kumpa mkono.

Mdogo wangu akashusha pumzi, akavuta kiti. Mimi nikaanza kuwaza nguo za watu nilizoziacha bila mikono.

Kazi ikaanza. Upande wetu sauti ya mwanaume ilikuwa imezimwa, kwa hiyo tulimwona wifi peke yake, ameielekea sponji, akisema, "Usiondoke. Kaa tu, hata kama huna la kuniambia." Mara ya kwanza mjane kwenye picha alifunga mdomo kabla wifi hajamaliza. Mara ya pili mzee akasema haina uhai. Wifi akafumba macho, akatulia, akasema tena, na vinyweleo vikanisimama. Tumekaa ukuta kwa ukuta muda wote huo, sijawahi kumsikia akiongea hivyo.

Nikamgeukia mdogo wangu. Uso ulikuwa umerudi palepale, tena vibaya zaidi, maana sasa hapakuwa na mwanaume wa kumsingizia.

Alimvizia mkewe kwenye ukumbi wa kutokea. "Ukifumba macho unamwona nani?"

Wifi akarekebisha mtandio. "Wewe," akasema. "Yule uliyekuwa ukija nyumbani kwetu kutengeneza friji ambayo haijaharibika."

Alisema hivyo bila hasira, akatangulia nje. Habari ya kuacha kazi haikutajwa tena, si siku hiyo wala baadaye. Lakini wivu haukumtoka ndugu yangu. Nilimwona amesimama pale, amenuna, anamwonea wivu yule aliyekuwa yeye zamani, kijana mwembamba mwenye boksi la spana ambaye hawezi kumfungia mlango.

Tulipofika barabarani akanishika mkono. "Dada," akasema, "siku zile nilikuwa namwambia nini?"

Nilitaka kumtania, nikaacha. Hata mimi sikujua, na alikuwa ananiuliza kweli.