Ukichoka, Simama

Ndugu zangu wa benchi la presha, mmezoea kuniona nikifika dirishani wa mwisho kwa sababu ya mguu huu. Leo nesi amenipa dakika kumi kabla hajaanza kupima, niwaambie niliupataje. Naitwa Bwambale, wa hapahapa Bwera. Niliwahi kusahau hata namba moja, na leo nasimama mbele yenu bila fimbo. Namshukuru Mungu, na namshukuru mtu aliyemtuma.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa nauza vitenge sokoni Mpondwe. Nilikuwa na mgongo wa kubeba robota peke yangu, na mdomo wa kumuuzia kitenge hata mtu aliyekuja kununua samaki. Jirani yangu wa kibanda alikuwa Kasereka, Mnande wa Butembo, upande wa Kongo. Siku za mvua, wateja wakikosekana, alinifundisha ishirini na moja, ule mchezo wa karata wa kasino. Unashindana na mgawaji kuikaribia ishirini na moja bila kuipita. Kasereka alijua kuhesabu: karata ndogo ikitoka unaongeza moja kichwani, kubwa ikitoka unapunguza moja. Hesabu ikipanda, ujue kubwa bado zimo, na zamu yako ndiyo hiyo. Hakuna uchawi hapo, ni kichwa na nidhamu.

Nidhamu yenyewe ilikuwa na sheria. Usiguse pombe. Uso wako usiseme kitu. Mezani hatujuani, hata salamu hakuna, maana wenye meza wakigundua wawili wanahesabu pamoja, wanawafukuza. Na ya mwisho Kasereka aliirudia kila tulipoondoka kwenda kwenye hoteli moja yenye kasino mjini Kasese: "Ukichoka, simama. Kichwa ya kuchoka inajidanganya yenyewe."

Tatu za kwanza nilizishika kama katekisimu. Ya nne niliicheka. Mkonzo kama mimi, aliyekulia kupanda milima, achokee kwenye kiti?

Tulianza na Jumamosi, ikawa siku nne kwa wiki. Nilikaa muda wa saa tisa, hata kumi, bila kuinuka. Sikula, kwa kuwa shibe huleta usingizi. Nilikunywa vile vinywaji vya kopo vya kuamsha mwili mpaka moyo ukaruka kifuani. Miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Kisogo kiliuma. Asubuhi moja damu ilinitoka puani ikadondokea kwenye chai. Nikaimwaga, nikajimiminia nyingine.

Mke wangu Masika hakuwa mjinga. "Sura yako imekuwa kama mulango ya kufungwa," aliniambia. "Sijui kama uko na njaa ao uko na hasira. Uko mugonjwa?"

"Niko sawa."

Uso niliouzoeza kumdanganya mgawaji ulimdanganya mke wangu, kisha ukanidanganya na mimi. Hilo linaniuma hadi leo.

Jumamosi moja, alasiri, hesabu ilikuwa imepanda hadi kumi na moja. Sijawahi kuiona nzuri namna ile. Vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Kasereka, upande wa pili wa meza, akajikuna sikio. Ndiyo ilikuwa ishara yetu: simama. Nikamtazama kama simjui. Akajikuna tena. Nikajiambia, karata tano tu.

Kisha hesabu ikapotea. Sikuwa nimeichanganya, nilitafuta namba yoyote ile, nikakuta hakuna. Mdomo ulivutwa upande, mate yakashuka kidevuni, suruali ikalowa. Mgawaji, binti mpole, alinisubiri akidhani ninafikiri. Nilikuwa hodari wa kuficha kiasi hicho.

Kasereka aliruka, kiti chake kikaanguka. "Huyu mutu minamujua! Iko ndugu yangu! Mulete gari, anakufa!"

Kwa maneno hayo alijifungia mlango wa hoteli ile, na tangu siku hiyo hajaruhusiwa kuingia. Alijua itakuwa hivyo. Alinibeba mgongoni, na mkojo wangu, mpaka kwenye gari.

Hospitalini daktari alisema, "Presha iko juu sana, mushipa ya kichwa imeziba. Mungechelewa kidogo, huyu hangekuwa mutu ya kuongea naye."

Niliwekewa mpira wa mkojo. Niligeuzwa kila baada ya saa mbili nisioze mgongo. Masika alininywesha uji kwa kijiko, nusu yake ikarudi shingoni, naye akanifuta bila kunisema. Maneno yalirejea mojamoja. Namba zilikataa. Daktari wa mazoezi alinyoosha vidole: "Hizi ni ngapi?" Vidole naviona, jina la idadi haliji. Mimi, mhesabu wa karata! Nililia kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Ndipo mama akafika kutoka Nyakiyumbu na bundu lake, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo. Hakunyoosha kidole hata kimoja. Mnajua sisi majina yetu huja kwa zamu ya kuzaliwa, na yeye alizaa wavulana wawili tu.

"Mutoto ya kwanza anaitwa nani?"

"Ba-lu-ku."

"Ya pili?"

Nikajigusa kifua. "Bwambale."

"Ya tatu?"

Kwetu wa tatu ni Masereka. Ng'ambo ya mto wetu wa mpakani, Lhubiriha, Wanande humwita Kasereka. Nilitazama mlangoni. Yule mtu alikuwa amesimama pale na chupa ya chai, kama kila asubuhi tangu nilazwe.

"Kasereka," nikasema.

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. "Basi niko na watatu. Ingia, mutoto wangu." Namba zangu zilirudi kwa njia hiyo, jina kwa jina, mpaka nikafika kumi.

Basi wenzangu, mezeni dawa hata siku mnayojisikia wazima. Punguzeni chumvi. Lakini zaidi ya yote, mkiulizwa nyumbani mnajisikiaje, jibuni ukweli. Neno "nimechoka" halijawahi kumuua mtu. Mimi nusura niuawe na "niko sawa".

Aliyenileta leo yuko kule nyuma, mwenye kofia ya kahawia, anatazama chini na kujifanya hanijui. Mazoea hayo! Kasereka, mtoto wa tatu wa mama yangu, simama watu wakuone.